Jua Nililoliona Kibo na Swali la Bibi

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, siku ya kufunga darasa kijijini.)



Leo mmeniomba niwasimulie safari yangu ya kupanda mlima Kilimanjaro. Nitasimulia. Lakini kwanza nataka niwakumbushe swali moja. Wengi wenu mlikuwapo lilipoulizwa.

Mwaka jana tulikuwa tunasoma habari za mlima huo hapa darasani. Tulisoma kwamba kileleni kuna barafu. Bibi mmoja, ambaye leo amekaa pale mbele, akanyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, mtu akipanda mlima si anakaribia jua? Na mtu akikaribia moto si anapata joto? Mbona basi huko juu kuna barafu?"

Nilimjibu nini? Nilisema, "Bibi, huko juu kuna upepo mkali." Kisha nikafungua ukurasa mwingine haraka haraka. Bibi alinyamaza, lakini niliona hakuridhika. Naye alikuwa na haki. Lile halikuwa jibu. Ukweli ni kwamba sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Mimi mwalimu mzima, niliyesomea ualimu chuoni, niseme sijui mbele ya watu niliowafundisha herufi?

Aibu hiyo ndiyo nitakayoizungumzia leo. Nilikwenda nayo mlimani, na huko ilikaribia kumwua mwenzetu.

SAFARI INAANZA

Tulikuwa walimu wanne. Tulichanga fedha kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mwezi uliopita tukapanda basi mpaka Moshi, na kutoka Moshi mpaka Marangu. Pale Marangu tulikodi nguo za baridi: makoti mazito, soksi za sufu, glavu, viatu vya buti na kofia za kufunika masikio. Sisi ni watu wa nchi ya joto. Tulipozivaa tulichekana sana. Mmoja wetu alisema tumekuwa kama magunia ya pamba yanayongoja lori.

Kilimanjaro ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1973, na hairuhusiwi mtu kupanda bila kiongozi. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa makamo, mzaliwa wa huko huko Marangu. Alikuwa na wasaidizi wawili, pamoja na wapagazi waliobeba chakula na mizigo. Kabla hatujaanza kupanda alituketisha chini akatuambia mambo mawili.

La kwanza: "Tutakwenda pole pole. Anayekimbia huku hafiki."

La pili: "Kichwa kikiuma, niambieni. Ukitapika, niambie. Msinifiche kitu. Mlima huu haukimbii, utaukuta mwaka mwingine. Lakini mtu akitutoka, hatumpati tena."

Sote tuliitikia, "Tumesikia, mzee."

Siku ya kwanza tulipita katika msitu mkubwa wenye unyevu, tukalala Mandara. Hapo ni kama mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Siku ya pili miti ilipungua, tukaona vichaka na majani mafupi. Tukalala Horombo, kama mita 3,700. Hapo tulikaa siku mbili ili miili yetu izoee hewa ya juu. Siku ya nne tukavuka uwanda mkavu ulio kati ya vilele viwili, Mawenzi na Kibo. Hapana mti, hapana maji. Wapagazi hubeba maji kutoka chini. Jioni tukafika nyumba ya Kibo, kama mita 4,700.

Pale Kibo niliona jambo la ajabu. Chai ilichemka sana jikoni, lakini niliponywa haikuniunguza kama ninavyotazamia chai iliyotoka motoni sasa hivi. Pwani maji huchemka yakifika nyuzi joto 100. Kule huchemka yakifika nyuzi kama 85 tu, kwa sababu hewa ni nyepesi na haiyagandamizi maji kwa nguvu. Ukibandika maharage huko utangoja mpaka kuni zikuishie.

USIKU WA KUPANDA

Tuliamshwa saa 5 usiku. Saa 6 tukaanza kupanda. Mtaniuliza, kwa nini usiku? Kwanza, kokoto za mlima huo zinateleza sana mchana, lakini usiku zinakuwa zimeshikana kwa baridi. Pili, ukipanda usiku unafika juu jua linapochomoza, na unapata muda wa kushuka kabla mawingu hayajafunika mlima.

Kila mtu alikuwa na tochi ya kufunga kichwani. Njia inakwenda kushoto, inarudi kulia, inakwenda tena kushoto. Unapiga hatua moja, unahema. Unapiga nyingine, unahema. Hewa ya huko ni karibu nusu tu ya hewa tunayoivuta watu wa chini. Kiongozi alitufundisha kubeba chupa ya maji kichwa chini miguu juu, maana maji huanza kuganda kwa upande wa juu. Ukiigeuza, mdomo wa chupa hauzibwi na barafu. Na kweli, maji yangu yaliganda nusu.

Tulifika kwenye pango linaloitwa Pango la Hans Meyer. Huyo alikuwa Mjerumani. Yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni tarehe 6 Oktoba, 1889. Lakini hawakwenda peke yao. Walikuwa na wapagazi na waongozaji Waafrika, kama sisi tulivyokuwa nao.

Tulipoondoka pangoni niliona mwenzetu mmoja anayumba. Huyo alikuwa kijana kuliko sisi sote. Ni mchezaji wa mpira, ana mapafu ya chuma, na siku zote tatu za kwanza alitutangulia. Sasa alikuwa anakwenda kama mtu aliyelewa. Akaketi juu ya jiwe. Kiongozi akamwuliza, "Mwalimu, leo siku gani?" Akajibu, "Niacheni nilale." Kiongozi akamwinua, akamwambia atembee katika mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya pili akaanguka.

Kiongozi akasema, "Huyu anashuka. Sasa hivi."

Mimi nikasema, "Mzee, si tumpumzishe kidogo? Tumebakiza njia fupi tu."

Alinimulika usoni kwa tochi yake. Akasema, "Mwalimu, kichwani mwake ubongo unavimba. Kupumzika hapa ni kufa. Dawa yake ni moja, kushuka." Akampa msaidizi mmoja, wakashuka naye, amemshika mkono kama mtoto.

Ndugu zangu, sasa niwaambie jambo ambalo sikupenda kuwaambia. Usiku ule kitanda changu kilikuwa jirani na cha huyo kijana. Nilimsikia ametoka nje na kutapika. Aliporudi nilimwuliza, akasema, "Ni chakula tu, usimwambie mzee." Nami nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu nilijua kiongozi akisikia atamrudisha, na safari yetu sote itavurugika. Yeye aliona aibu kusema anaumwa. Mimi nilijipenda kuliko nilivyompenda yeye.

JUA LINACHOMOZA

Tukabaki watatu. Tulipanda kimya. Karibu saa 12 alfajiri tukafika ukingoni mwa Kibo, mahali paitwapo Gilman. Hapo ni mita 5,685. Nilikaa juu ya jiwe. Vidole vya miguu sikuvisikia kabisa.

Mbele yetu, upande wa mashariki, Mawenzi ulisimama mweusi, umechongoka kama meno. Chini yake mawingu yalikuwa yametandazwa meupe, kama pamba iliyoanikwa kwenye mikeka. Huku ng'ambo kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Kiongozi wetu alitusimulia hadithi ya wazee wa Kichaga. Zamani Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa ndugu yake Kibo kuomba moto. Kila mara alisema moto wake umezimika. Mwisho Kibo akakasirika, akachukua mchi akampiga. Ndiyo sababu mpaka leo Mawenzi amevunjika vunjika, na Kibo ni mviringo mzuri.

Alipokuwa anasimulia, ule mstari ulizidi kuwa mwekundu, kisha ukawa wa rangi ya dhahabu. Halafu jua likatokeza ncha. Dogo, kama kaa la moto katika majivu. Likapanda. Mawenzi ikang'aa pembeni. Nyuma yetu barafu iliyokuwa ya rangi ya majivu ikawa nyekundu, kisha nyeupe ya kuumiza macho. Hakuna aliyesema neno. Mwenzangu mmoja alikuwa analia, naye mwenyewe hakujua kwa nini.

Nilitazama chini. Kule kwenye tambarare bado kulikuwa na giza. Mtu aliye juu sana huona mbali zaidi, kwa hiyo hulipata jua mapema. Sisi pale tuliliona kama dakika 10 kabla ya watu wa chini. Nilifikiri, huko chini akina mama bado wanatafuta viberiti gizani, na sisi tumeshaliona jua lao.

Kiongozi alituonyesha ile barafu. Alisema alipokuwa kijana ilikuwa kubwa kuliko hivyo. Wataalamu nao wamepima. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima huo imekwisha.

KIONGOZI ANANIULIZA

Kutoka Gilman, kilele chenyewe cha Uhuru kinaonekana. Ni mita 5,895, hakuna mahali pa juu zaidi katika Afrika nzima. Hapo ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipoweka Mwenge na bendera yetu tulipopata uhuru, tarehe 9 Desemba, 1961. Nilikuwa nimewaahidi kwamba nitasimama hapo hapo. Ilibaki kama saa moja na nusu au mbili za kutembea.

Kiongozi akanijia. Akaniuliza, "Mwalimu, unajisikiaje?"

Ndugu zangu, kichwa changu kilikuwa kinatwanga kama kinu. Nilikuwa nimeshatapika mara moja njiani, nikafukia kwa kokoto asione mtu. Kila nilichotazama nilikiona viwili viwili. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema, "Niko salama, mzee, twende." Niliwafikiria ninyi. Nilifikiria jinsi mtakavyonipigia makofi.

Kisha nikamkumbuka yule kijana aliyeshikwa mkono kama mtoto. Nikasema, "Mzee, kichwa kinaniuma sana. Nimetapika. Naona vitu viwili viwili."

Akasema, "Ahsante, mwalimu. Basi hapa ndipo mwisho wako."

Wenzangu wawili waliendelea na msaidizi wa pili, wakafika Uhuru salama. Mimi nilishuka na kiongozi. Tulipofika nyumba ya Kibo maumivu yalianza kupungua. Tulipofika Horombo nilikula ugali. Na nani nilimkuta pale? Yule kijana, ameketi juani, anakunywa uji. Aliniambia, "Niliona aibu, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa na nguvu kuliko wote." Nikamwambia, "Nami nilikusikia nikanyamaza. Nisamehe." Alicheka, akanimegea mkate.

JIBU LA BIBI

Sasa, Bibi, nakuja kwenye swali lako. Niliporudi nilitafuta vitabu, nikamwuliza na mwalimu wa sayansi wa sekondari. Hili ndilo jibu.

Kwanza, ni kweli anayepanda mlima analikaribia jua. Lakini analikaribia kiasi gani? Jua liko mbali nasi kilomita kama 150,000,000. Mlima wote hauzidi kilomita 6 kwenda juu. Tuseme kuna moto unawaka kilomita 25 kutoka hapa. Wewe unaona baridi, unasogea kuuelekea. Unasogea milimita 1 tu, ile alama ndogo kabisa kwenye rula. Je, utapata joto? Hutapata. Basi kupanda Kilimanjaro ili kulikaribia jua ni sawa na kusogea hiyo milimita 1.

Pili, jua halipashi hewa joto sana moja kwa moja. Mwanga wake hupita katika hewa, ukaja kuipasha ardhi. Ardhi ikipata moto ndiyo inayopasha hewa iliyo karibu nayo, kama sufuria inavyopasha maji yaliyomo. Hewa hiyo ikipanda juu hupanuka, na ikipanuka hupoa. Nendeni kwenye baiskeli, mtoe upepo kwenye gurudumu. Upepo unaotoka ni wa baridi. Ni kwa sababu hiyo hiyo, unapanuka. Ndiyo maana kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6.

Tatu, hewa ni blanketi la dunia. Sisi huku chini tumejifunika blanketi zito. Kule juu limebaki jepesi. Usiku joto hutoroka upesi. Nilipokuwa Gilman jua lilikuwa usoni, lakini maji ya chupa yalikuwa barafu. Tukiwa kwenye mvua na jua huku kijijini hatuwezi kuliona jambo hilo.

Basi, Bibi, hilo ndilo jibu nililokuwa nalo deni kwako. Siku ile ningesema "Sijui, nitatafuta," ungelipata mapema zaidi.

KARATASI YANGU

Limebaki jambo moja. Wiki iliyopita nilipita hapa na ile hati wanayompa mtu aliyefika juu. Niliitoa tu, hata sijafungua mdomo, mkaanza makofi na vigelegele. "Mwalimu kafika Uhuru!" Bibi huyu huyu akaichukua. Akavaa miwani. Akafuata maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi hapa nasoma Gil-man. Uhuru siioni."

Mlicheka sana siku ile. Mimi nilisema, "Umesoma sawasawa, Bibi. Uhuru sikufika."

Nilitoka hapa na furaha ambayo sikuipata hata kule juu. Mwaka juzi Bibi alikuwa hajui hata herufi moja. Alikuja darasani akasema mbele ya wajukuu wake, "Mimi sijui, nifundisheni." Alitushinda sote kwa ujasiri. Leo anasoma karatasi ya mwalimu wake na kumsahihisha.

MAMBO YA KWENDA NAYO NYUMBANI

Ndugu wahitimu, wengi wenu hamtapanda Kilimanjaro. Lakini yule kijana na mimi tumo humu kijijini kila siku.

Mtoto ana homa tangu juzi. Mama anaogopa kuambiwa kwamba amemchelewesha, anangoja siku nyingine moja. Malaria haingoji. Mpeleke zahanati leo, useme homa ilianza lini, bila kupunguza hata siku moja.

Unaletewa karatasi ya mkopo au ya mauzo ya pamba. Mengine unayaelewa, mengine huyaelewi. Unaona aibu kuuliza, kwa sababu sasa wewe ni mhitimu. Usitie sahihi. Sema, "Hapa sijaelewa, nisomee tena." Ukiona mwenzako anatia sahihi na macho yake yanazunguka, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi kitandani.

Na kama kuna atakayekwenda milimani, akumbuke dalili hizi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kukosa usingizi. Mtu mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishie. Akianza kuyumba, au kuchanganyikiwa, au kuhema sana hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Ugonjwa huo hauchagui. Kijana mwenye nguvu unaweza kumpata, na mzee ukamwacha.

Kilele cha Uhuru bado kiko pale pale. Wenzangu wananiambia twende tena mwakani. Nimewajibu kwamba nitaanza tena kuchanga. Nikifika, nitaileta karatasi hapa, na Bibi ndiye atakayeisoma kwanza, ndipo mpige makofi.

Mwenye swali aulize. Nisipojua jibu, leo nitasema.